Kungoja, Kustahili na Kujigharamia: Istilahi Tatu za Bima ya Matunzo

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tabora alituletea karatasi ya bima iliyofasiriwa kwa Kiswahili, akatutaka tumweleze maana ya maneno "muda wa kusubiri", ambayo yametajwa humo mara tatu. Jirani yake, mzee asiyejiweza, alikuwa ameyafahamu kuwa ni muda wa kusubiri kulipwa, yaani akishapeleka stakabadhi zake avumilie siku 90, kisha fedha zote zitarejeshwa. Kumbe siku hizo 90 zilikuwa siku ambazo gharama zake hazirejeshwi kamwe. Mzee alikwisha kukopa kwa kutegemea malipo hayo. Kosa halikuwa lake, wala hatudhani kwamba mfasiri alikusudia kumdanganya mtu. Mfasiri alikuta dhana tatu, akazivika kanzu moja.

Kabla ya kuzitenganisha dhana hizo, yafaa tukumbuke maana ya bima yenyewe. Neno hili lilitufikia kutoka Bara Hindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako bim ni hofu. Watu wengi wenye hofu moja huchanga kidogokidogo ili yule atakayefikwa na jambo asaidiwe. Wakazi wa njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, walikuwa na jambo la namna hiyo bila kuliita bima. Mnyamwezi aliyefia pwani, mbali na ndugu zake, alizikwa na watani wake. Utani huo ulikomazwa na safari za wapagazi, na haukuwa na kipindi cha kungojea, kwa kuwa mtani alikuwa mtani tangu siku ya kwanza.

Mfuko wa fedha hauwezi kufanya hivyo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio mwaka 1996 katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, na kila kaya iliyojiunga ilitoa mchango wa mwaka mzima. Mfuko wa hiari wa aina hii hukabiliwa na tatizo moja popote ulipo: mwenye afya husema atajiunga baadaye, na mgonjwa hujiunga leo. Kama wote wakijiunga siku ya kuugua, hapatakuwa na kilichochangwa. Ndiyo sababu mifuko mingi huweka muda baina ya siku ya kujiunga na siku ya kwanza ya kupata haki. Dhana hii ya kwanza tunapendekeza iitwe kipindi cha kungojea. Tumelichagua kungojea badala ya kusubiri kwa sababu kusubiri kumebeba subira ndani yake, na anayeambiwa asubiri hudhani kuna ahadi. Kipindi hiki huhesabiwa tangu kujiunga, na hupita chenyewe.

Dhana ya pili ni tofauti, ingawa nayo hutajwa kwa miezi. Chini ya sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Na. 28 ya mwaka 1997, pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180. Fao la uzazi hudai miezi 36, na 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 inayotangulia kujifungua. Hapa kalenda peke yake haimsaidii mtu. Aliyejiunga miaka 20 iliyopita akachangia miezi 100 tu bado hajatimiza sharti la pensheni ya uzee, hata akingoja vipi. Kinachohesabiwa ni michango, na kwa hiyo tunaiita dhana hii kipindi cha kustahili. Bima ya matunzo ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1995, ina sharti la jamii hii: mwombaji awe amekuwa mwanachama kwa miaka 2 katika miaka 10 iliyotangulia ombi lake.

Sasa tuje kwenye ya tatu, iliyomponza yule mzee. Katika bima binafsi za matunzo ya muda mrefu, hasa zile za Marekani, mtu aliyekwisha kuchangia na kustahili, kisha akapoteza uwezo wa kuoga, kuvaa au kula bila msaada, halipwi mara moja. Kuna siku za mwanzo, aghalabu 90, ambazo huzilipia mwenyewe. Saa hii haianzi siku ya kujiunga, bali siku ya kuhitaji matunzo. Tunapendekeza siku za kujigharamia. Neno halina urembo, lakini linasema nani analipa.

Wapagazi wangalilielewa upesi. Mwaka 1872, baada ya Stanley kuondoka Kwihara, karibu na Tabora, Livingstone alibaki pale kwa zaidi ya miezi 5 akingoja wapagazi waletwe kutoka pwani. Msafara uliosimama nao hula, na kila siku ya kusimama ilikuwa na posho yake, ikitoka katika mzigo wa mwenye msafara mwenyewe. (Posho wakati huo ilikuwa chakula cha siku, au nguo ya kukinunulia. Leo ni fedha ya mtu wa ofisini aliye safarini. Hongo nayo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, na kila msomaji anajua leo ni nini.)

Mfasiri na atazame pia namna ya kuzihesabu siku hizo. Baadhi ya mikataba huhesabu kila siku ya kalenda, na mingine huhesabu tu zile ambazo mtunzaji wa kulipwa amefika. Ikiwa mtunzaji huja mara tatu kwa juma, siku 90 za huduma ni majuma 30, yaani takriban miezi saba badala ya mitatu. Mtu atakayeandika "siku 90" bila kufafanua amemwongezea msomaji miezi minne ya gharama. Anayechagua siku chache za kujigharamia, kwa upande mwingine, hutozwa ada kubwa zaidi.

Kuhusu mafao hatuna shida kubwa, kwa kuwa fao limetokana na kufaa na limezoeleka. Fao la fedha hutiwa mkononi. Fao la huduma huja kama mtunzaji, na bima ya Japani, iliyoanza Aprili 2000, hutoa la aina hii. Ujerumani humruhusu mtu kuchagua moja au kuyachanganya, nasi tunasema fao mseto. Muda ambao bima itaendelea kulipa, kwa mfano miaka mitatu, uitwe muda wa fao, na usichanganywe na vipindi vilivyotajwa juu.

Matunzo yenyewe yanatutia wasiwasi kidogo, kwani mahakamani ni fedha za kumlea mtoto au mke. Uuguzi nao unamhusu mgonjwa, na uzee si ugonjwa. Tunayakubali matunzo ya muda mrefu, mradi "ya muda mrefu" isidondoshwe.

Wengine watauliza faida ya istilahi hizi, ilhali wazee wengi wa Tanzania hutunzwa na watoto wao na hapana mfuko wa taifa wa matunzo ya aina hii. Twawakumbusha kikokotoo. Lilikuwa neno la wahasibu mpaka mwaka 2018, malipo ya mkupuo ya sehemu ya wastaafu yalipowekwa kuwa asilimia 25, na ghafla likawa katika kila kinywa hadi kanuni ile iliposimamishwa Desemba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na fomu zake zitafasiriwa na kusomwa vijijini.

Mwalimu wetu tumemwandikia kwamba karatasi ile irudishwe kwa walioitoa, na kila "kusubiri" ibadilishwe kwa istilahi yake. Ameuliza pia kama mtegemezi ni anayetegemea au anayetegemewa, maana fomu imelitumia kwa wote wawili. Hilo tutalishughulikia katika toleo lijalo.