Hewa Isiyo Mahali Pake

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia hawezi kutuambia panapomuuma. Nani basi atamsemea? Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaeleza jinsi picha ya mionzi, ile ambayo wengi huiita radio, inavyomsaidia.

Matumbo ya mtoto huyo hayajakomaa. Pengine, siku au majuma kadhaa baada ya kuzaliwa, ukuta wa utumbo huvimba, hata sehemu yake ikafa. Tumbo hujaa, mtoto hutapika matapishi ya kijani, na damu huonekana katika choo chake. Lakini dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Ndiyo sababu waganga hupiga picha ya tumbo.

Katika picha hiyo mifupa huwa myeupe, na hewa huwa nyeusi. Hewa ndani ya utumbo si ajabu. Bali ikiingia katika ukuta wenyewe wa utumbo, huonekana kama mapovu madogo au mistari myeusi, nayo ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu. Mwaka 1964 Walter Berdon na wenzake, waganga wa New York, waliandika juu ya picha za watoto wa namna hii. Mwaka 1978 Martin Bell na wenzake waliugawa ugonjwa katika ngazi tatu, na picha ni mojawapo ya vipimo vyake.

Je, utumbo ukitoboka? Mtoto hulazwa ubavu wa kushoto. Hewa iliyotoka hupanda, ikaonekana kati ya ini na ukuta wa tumbo. Hapo mpasuaji huitwa bila kukawia. Kama haukutoboka, mara nyingi maziwa husimamishwa, mpira mwembamba huitoa hewa tumboni, dawa za kuua vijidudu hutolewa, na picha hurudiwa baada ya saa chache.

Lakini tusidhani kwamba picha huona yote. Ya kwanza yaweza kuonekana njema, kumbe ugonjwa umekwisha anza. Basi mama akiona tumbo la mwanawe limebadilika, asinyamaze kwa haya. Amwambie muuguzi saa ile ile. Tena asiache kumkamulia maziwa yake, maana mtoto anyweshwaye maziwa ya mama huwa katika hatari ndogo zaidi ya ugonjwa huu. Mashine huona hewa. Mama huona mtoto. Wote wawili wahitajiwa.