Ngoma ya Kalela, na Namna ya Kuchunguza Mambo ya Mjini

Wengi wetu tukisikia neno "utafiti" twafikiri maabara, mizani na hesabu. Hiyo yafaa kama mtu ataka kujua maji huchemka kwa joto gani. Lakini mwenye kutaka kujua kwa nini vijana wa mjini hucheza ngoma fulani, huvaa namna fulani, au huandika maneno fulani nyuma ya gari, mizani haitamsaidia. Sharti aende mwenyewe, atazame, aulize, asikilize, kisha aandike. Kazi hiyo wataalamu huiita utafiti wa maelezo. Nijuavyo mimi, ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wale waiitao kupiga soga.

Mfano mzuri ni kitabu kidogo alichokitoa J. Clyde Mitchell mwaka 1956. Mitchell alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 yaitwa Zambia. Katika mji wa Luanshya, wenye machimbo ya shaba, aliona ngoma iitwayo Kalela, iliyochezwa hadharani Jumapili alasiri. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa, na aghalabu walikuwa vibarua. Nyimbo zao zilisifu kabila lao na kuyacheka makabila mengine. Basi mtu angetazamia kuona manyoya, ngozi na mikuki. La! Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Walikuwa na "mfalme" wao aliyevaa suti na tai. Walikuwa na "daktari" mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Na alikuwako mwanamke mmoja, "muuguzi", aliyepita katikati yao na kioo na kitambaa ili wachezaji wajipanguse wakae nadhifu. Ngoma zenyewe zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa: kama ngoma ni ya kabila, mbona haina kitu cha kikabila ndani yake? Swali la namna hii halipatikani kwa kuketi ofisini. Mitchell aliandika maneno ya nyimbo, akauliza wachezaji ni akina nani na wafanya kazi gani. Akatazama pia jinsi watu wa makabila mbalimbali walivyotaniana mjini, jambo ambalo sisi wenye watani hatuhitaji kuelezwa. Akaona kwamba kabila mjini halikuwa lilelile la kijijini. Kijijini lilikuwa na chifu, mashamba na sheria zake. Mjini lilikuwa njia ya kumtambua mgeni, na kujua umtanie au umwogope. Nguo zile nazo alizieleza kuwa ni kutaka heshima ambayo vibarua hawa hawakuipata kazini. Hakuacha hesabu kabisa, maana alitumia pia majibu ya watu walioulizwa kazi zipi zina heshima zaidi.

Lakini wasomaji wasifikiri kwamba neno la mchunguzi ndilo la mwisho. Mwaka 1971 Bernard Magubane, msomi wa Afrika Kusini, aliwalaumu Mitchell na wenzake kwa maandishi makali. Alisema walitazama mno suruali na tai, wakasahau kwamba watu wale walitawaliwa kwa nguvu. Kwa maoni yangu Magubane alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, ila bila daftari la Mitchell asingekuwa na kitu cha kubishania.

Tena Kalela ina ndugu huku kwetu. Mitchell mwenyewe aliihusisha na beni, ngoma ya kuigiza bendi na vyeo vya kijeshi, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenezwa bara na askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika Tanganyika vyama vyake vilivyojulikana sana ni Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alitoa kitabu juu ya beni mwaka 1975. Leo ni nani atakayeweza kumhoji mchezaji wa Marini?

Kwa sababu hiyo likizo iliyopita nilichukua daftari nikaenda kwenye kituo cha daladala Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, daladala zimeondolewa katika baadhi ya njia, na maandishi yake huondoka nazo. Kunakili maneno ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kuuliza. Juu ya gari moja nilipata maelezo matatu: dereva alisema maneno yale ni kijembe kwa jirani, kondakta akasema ni dua, na fundi wa rangi akacheka akasema ni yeye aliyeyachagua, kwa kuwa tajiri wa gari alimwambia aandike lolote linalopendeza. Nimeyaandika yote matatu, wala sikumchagua msema kweli. Katika ukurasa wa kushoto naandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, katika wa kulia mawazo yangu, na hufanya hivyo jioni ileile kabla sijalala, maana kesho yake maneno ya mtu huanza kufanana na yangu.

Ruhusa huombwa kwanza. Kondakta mmoja alizungumza nami muda mrefu juu ya maneno ya gari lake na habari za nyumbani kwake, kisha akaniomba nisiyaandike. Ukurasa wake niliuchana mbele yake, nikampa.