Ampli ndogo, sauti ya moto, na jirani mwenye kulala

Ilikuwa saa tatu ya asubui, mu nyumba ya mwenzetu mumoja wa kampi. Tulikuwa watu watano mbele ya ampli ya wati 40 tuliyokuwa tumenunua na franga ya likelemba. Gitare ilikuwa ku mikono ya kijana wa nyumba. Kijana huyo anapenda ile sauti yenye kukwaruza, ile nota moja inayovutika na kuimba peke yake, namna wanapiga watu wa blues na rock, na siku hizi hata vijana wa kwaya. Akaweka butoni ya sauti ku 2: gitare ikatoka safi kama kengele, bila moto wowote. Akaweka ku 6: moto ukakuja kweli, lakini mabati ya paa nayo ikaanza kuimba.

Kisha tukasikia mulango. Alikuwa jirani, ule tunagawa naye ukuta mumoja. Alisimama na singileti, macho mekundu.

“Bapapa, mi natoka ku posti ya usiku,” akasema polepole. “Sijalala. Leo usiku nashuka tena chini na usingizi ku macho. Jiwe ikinifunika, mutakuja kunipigia iyo gitare ku matanga?”

Hakuna mwenye alijibu. Sisi ni watu wa sendika. Kila mwaka tunabishana na wakubwa juu ya saa za kupumzika. Tunawaambia kama mutu mwenye kuchoka anaweza kufa chini na kuua wenzake. Na sasa sisi wenyewe njo tulikuwa tunamwibia mwenzetu usingizi. Tulizima ampli, tukamuomba musamaha.

Lakini hatukumuambia kijana aache gitare. Mutoto mwenye kukaa na gitare hayuko ku bar, wala hayuko mu mashimo ya wakreseri. Tulijiuliza jambo lingine: inawezekana kupata ile sauti ya moto bila kumwamsha mutu? Ilituomba miezi ili kuelewa. Leo tunawapatia yale tulijifunza, musitupe franga namna tulitupa sisi.

MOTO UNATOKA WAPI

Mu ampli ya lampi, umeme mudogo wa gitare unapita mu lampi za kioo, na zile lampi zinaukuza. Ukizipatia kazi ya kadiri, zinatoa sauti safi. Ukizilazimisha kupita nguvu yao, zinashindwa kubeba kilele cha wimbi la sauti, basi zinakikata. Mutu wa mugodi ataelewa mbio: ni kama wagoni yenye kujazwa kupita kipimo, inaingia mu galeri yenye dari ya chini, na dari inakwangula kichwa cha mawe. Kule kukatwa kwa kichwa njo tunasikia kama mukwaruzo. Lampi ni kama dari ya muviringo, inakwangula polepole. Transistori ya kawaida ni kama chuma kimenyooka, inakata mara moja, na sikio linasikia ukali. Njo maana wapigaji wengi wanapenda lampi, hata kama ni nzito na bei yake iko juu.

Kuna fasi mbili ambapo huo moto unaweza kuwaka. Ya kwanza ni lampi ndogo za mbele. Nyingi zinaitwa 12AX7. Mu Ulaya wanaziita ECC83, ni kitu kimoja. Ya pili ni lampi za nguvu za nyuma, kama EL84 ao 6V6, zenye kusukuma bafle. Lampi za mbele zinaweza kuwaka hata kama sauti ni ya chini, ikiwa ampli iko na butoni mbili: moja ya kujaza, yenye kuandikwa Gain, na ingine ya kupima sauti yenye kutoka. Lampi za nyuma haziwake mupaka ampli ifanye kazi yake karibu yote. Ampli yetu ya wati 40 ilikuwa na butoni moja tu ya sauti. Kuiwasha moto ilikuwa ni kuamsha kampi yote.

WATI NA MASIKIO

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri kama wati 40 inalia mara 8 kuliko wati 5. Ku sikio haiko vile. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, inaomba kuzidisha nguvu karibu mara 10. Kwa hiyo ampli ya wati 5 inalia karibu nusu ya ampli ya wati 50, na hiyo ni sauti mingi sana. Ukikata wati katikati, unashusha desibeli 3 tu, na sikio linasikia tofauti ndogo.

Tuchukue bafle yenye kutoa desibeli 95 kwa wati 1, wewe ukisimama metre 1 mbele yake. Ku wati 5, bafle hiyo inatoa desibeli 102. Ku wati 1, inatoa 95. Ku wati 0,1 inatoa 85. Musicheke hiyo wati 0,1. Hesabu ya 85 wengi wetu tunaijua kutoka kazini: njo kipimo ambacho wataalamu wa afya ya kazi wanatumia kwa saa 8 za makelele kwa siku. Kwa kila desibeli 3 za kuongeza, wanakata muda nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukifika 100, ni dakika 15 tu. Basi ile ampli ya wati 5 yenye watu wanaita ndogo, ukiifungua yote mu chumba cha kampi, inapita kipimo hata mbele kijana amalize nyimbo zake tano.

Kati yetu kuna wenye walitoboa jiwe miaka mingi na marto yenye kupita desibeli 110, wakati wa zamani bila kitu ku masikio. Leo bibi anawaita mara tatu ndipo wanageuka. Hatutaki ampli imalize ku nyumba kazi yenye marto ilianza chini.

AMPLI YA NAMNA GANI

Wenye kujua muziki watawatajia Fender Champ ya zamani. Iko na wati 5 hivi, lampi moja ya nguvu ya 6V6 na butoni moja ya sauti. Eric Clapton aliitumia mwaka wa 1970 kwa kurekodi diski ya Layla, Miami. Ampli ndogo yenye kutoka jasho ilishinda ampli kubwa yenye kusinzia. Lakini yeye alikuwa mu studio, hakukuwa na mutu wa posti ya usiku nyuma ya ukuta. Ile Champ inaomba kufunguliwa sana ndipo moto unakuja. Kwa nyumba ya kampi, hapana.

Kwetu sisi, tuliona njia tatu zenye kufaa.

Njia ya kwanza ni ampli yenye kisu cha kupunguza wati. Vox AC4TV iko na fasi tatu: wati 4, wati 1, na robo ya wati. Bugera V5 iko na wati 5, wati 1 na 0,1. Marshall DSL1 inaanza ku wati 1 na inashuka mupaka 0,1. Hapo unaweza kujaza lampi bila kubomoa paa.

Njia ya pili ni ampli ya wati 1 tu yenye butoni ya kujaza na butoni ya sauti, kama Blackstar HT-1. Hiyo iko pia na tundu ya kaske ya masikio. Moto mwingi unatoka ku lampi ya mbele, kwa hiyo usiku kijana anaweza kupiga na mutu asisikie kitu, paka nyuzi.

Njia ya tatu, kama tayari uko na ampli kubwa, ni kifaa chenye kuwekwa kati ya ampli na bafle. Kinakula sehemu ya nguvu na kuigeuza kuwa joto. Ampli inafanya kazi yake yote, bafle inapata kidogo. Inafaa, lakini lampi za nguvu zinachoka mbio, na kifaa chenyewe kinaomba franga.

Na kama franga ni kidogo kabisa? Tuseme ukweli: lampi haiko lazima. Orange Micro Terror iko na lampi moja tu mbele. Nguvu yake inatoka ku transistori, na iko na tundu ya kaske. Kuna pia Vox amPlug, kidude cha kuchomeka ku gitare chenye kutumia batri mbili ndogo na kaske. Hata umeme ukikatika, kijana anaendelea.

Jambo moja tena. Kama mutoto wenu anapiga sebene, ao ile gitare ya vidole ya Mwenda Jean Bosco, yenye Hugh Tracey alirekodi mwaka wa 1952 mu Jadotville, ndio Likasi ya leo, musinunue ampli hizi. Muziki ule unapenda sauti safi, na wati 1 inaweza kuchafuka wakati hautaki. Lakini pia musimucheke mwenye kupenda mukwaruzo, mukisema ni mambo ya wazungu. Konono Nº1 ya Kinshasa ilipitisha likembe mu vyombo vya kujitengenezea mupaka ikalia kwa kukwaruza, na diski yao Congotronics ya mwaka wa 2004 ilisikiwa mu dunia.

MBELE YA KUTOA FRANGA

Muangalie volti nyuma ya ampli. Kwetu ni volti 220. Ampli yenye kutoka Marekani inaweza kuandikwa 120. Ukiichomeka ku prizi yetu bila transfo ya kushusha, imeungua.

Muulize majina ya lampi. EL84 na 12AX7 zinatengenezwa mupaka leo, na mutu mwenye kupanda Lubumbashi ao Kasumbalesa anaweza kuwatafutia. Lampi ya jina la ajabu itawaacha na sanduku ya bure.

Musiwashe hata mara moja ampli ya lampi bila bafle kuchomekwa, isipokuwa ile yenye mutengenezaji aliandika kama inaweza na kaske. Transfo ya ndani inaweza kufa. Tena hesabu ya omu ku ampli na ku bafle ipatane: 8 na 8, 16 na 16.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Mutafute stabilizateri, na umeme ukikatika, mutoe fishi ku prizi, musingoje urudi na kishindo.

Na hili tunalisema kama watu wa usalama wa kazi: musifungue ampli ya lampi ku nyumba. Ndani kuna volti zenye kupita 250, na kondensateri zinaweza kushika huo umeme hata kisha kutoa fishi. Mutu anaweza kufa na ampli yenye imezimwa. Muachie fundi mwenye kujua kuzimaliza hizo kondensateri.

KARATASI KU MULANGO

Ile ya wati 40 tuliiuzisha kwa paroisi yenye kanisa kubwa, na tulipoteza franga kidogo. Tukapata AC4TV ya mukono wa pili. Tuliiweka ku robo ya wati, juu ya kiti na blanketi ya kukunja chini yake, sababu sauti nzito inapita mu sima ya chini na mu ukuta. Tuliigeuzia kichwa cha kijana, mbali na ukuta wa jirani. Moto uko, nota inavutika, na sisi wenyewe mu chumba kile tunaweza kuzungumuza bila kupandisha sauti sana.

Lakini ampli peke yake haikumaliza mambo. Robo ya wati bado inasikika nyuma ya ukuta. Basi tulifanya namna tunafanya na wakubwa: tuliketi na jirani, tukaandika. Juma yenye yuko posti ya usiku, hakuna ampli kutoka saa moja ya asubui mupaka saa nane. Kisha saa tatu ya usiku, hakuna ampli kwa mutu yeyote, paka kaske. Kijana alitia sinyatire, baba yake alitia, jirani alitia. Karatasi iko ku mulango mupaka leo.

Kisha juma tatu jirani aligonga tena. Tukaangaliana, kila mutu akifikiri ni malalamiko. Alisimama pale, macho meupe, akauliza:

“Kijana wenu aliacha gitare?”