Kompresa na silabi inayomezwa

Juma hili, wasomaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya mtambo ambao wengi wetu hatuujui kwa jina, ingawa kila siku tunausikia ukifanya kazi. Unaitwa kompresa. Sisemi kompresa ya friji, wala ile ya mafundi wa magurudumu. Nasema kompresa ya sauti, ambayo siku hizi mara nyingi hata si kisanduku tena, bali ni programu ndani ya kompyuta.

Inakuhusu nini wewe uliyekaa barazani na kahawa yako? Chukua tangazo hili: "Haitasafiri leo boti ya saa moja." Hiyo "ha" ya mwanzo ikimezwa, abiria anasikia kwamba boti itasafiri, anakodi gari kutoka shamba na mizigo yake mpaka bandarini, bure. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo: maana ya sentensi nzima yaweza kukaa katika silabi moja, tena hafifu.

Kompresa ni kama mkono wa fundi juu ya swichi ya sauti. Sauti ikipita kiwango fulani, mkono unapunguza. Ikishuka, mkono unaachia. Vituo vya redio ndivyo vilivyoihitaji mapema. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa mtambo wa namna hii, ili sauti kubwa za ghafla zisizidi uwezo wa mtambo wa kurushia matangazo.

Sasa twende Kidichi, kwani huko ndiko nilikopeleka kinasa sauti changu kumrekodi bibi mmoja aeleze uchumaji wa karafuu wa zamani. Wazee wetu huanza sentensi kwa nguvu na kuimalizia kwa mnong'ono, na mara nyingi utamu wote uko katika huo mnong'ono. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naomba usogee kidogo." Akajibu, "Marahaba mwanangu, nikisogea zaidi si nitakila hicho kidude chako?" Tulikubaliana kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni. Hilo ni muhimu kuliko kompresa yoyote.

Mwenzangu alipendekeza tukarekodi ndani ya hamamu ya Kidichi, ile aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Nilikataa. Kuba lile linarudisha mwangwi, na kompresa haichagui: ikishapunguza sauti kubwa, nawe ukapandisha yote kwa jumla, mwangwi nao unapanda, pamoja na jogoo wa jirani na upepo wa mikarafuu. Tulikaa nje, kivulini.

Studio ndipo kazi inapoanza. Kwanza unaweka kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo mtambo unaamka. Kiweke pale ambapo maneno ya nguvu tu ndiyo yanayovuka. Kisha uwiano. Ukiweka 3 kwa 1, sauti iliyopita kizingiti kwa desibeli 9 itatoka imepita kwa 3 tu. Mtambo umepunguza 6. Kwa mazungumzo, kupunguza desibeli 3 hadi 6 kunatosha. Anayepunguza 15 anataka sauti ya muuza dawa wa sokoni, si ya bibi. Halafu unaongeza sauti yote kufidia kilichopunguzwa, na sasa ule mnong'ono unasikika.

Lakini penye hatari ni kwenye muda. Muda wa kushika ukiwa mfupi mno, herufi kama "t" na "k" zinapoteza makali, na dumbaki la taarabu linakuwa kama limepigwa juu ya godoro. Mimi huanzia milisekunde 10. Muda wa kuachia ndio unaomeza ile "ha" yetu. Ngoma ya kufungulia matangazo ikilia kwa nguvu, kompresa inabana. Ikiwa imewekwa ichukue sekunde 2 kuachia, msomaji anaanza "Haitasafiri" mkono ungali umebana. Weka milisekunde 100 au 200 hivi. Ukifupisha mno nako, sauti inahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Jambo jingine ambalo vijana wanaorekodi kwa simu hulisahau: simu nyingi hubana sauti zenyewe, na kituo kina mtambo wake wa kubana kabla ya kurusha. Wewe ukibana kwa nguvu katikati, sauti inabanwa mara tatu na kutoka bapa kama chapati. Kama simu yako inaruhusu, zima marekebisho yake.

Ukimaliza, usijisifu kwa spika kubwa za studio. Chukua redio ndogo ya betri, punguza sauti, kaa nayo karibu na dirisha linaloelekea barabarani. Zima kompresa, washa, zima tena, huku ukihakikisha sauti zote mbili zina ukubwa mmoja, maana sikio hupenda iliyo kubwa tu. Sikiliza kila mwisho wa sentensi, na kila neno linaloanza kwa "ha" na "si".