Umeme, Ngurumo na Radi: Maneno Matatu Chini ya Mlima Elgon

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba maneno umeme, ngurumo na radi, yakitofautishwa ipasavyo, yanabeba fizikia inayoweza kuokoa maisha ya mwanafunzi.

Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma, iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jua hupasha ardhi joto, hewa yenye unyevu ikapanda mlimani, na alasiri mawingu yakatanda. Ndani ya wingu, chembe za barafu hugongana na chaji zikatengana: hasi huelekea chini, chanya juu. Tofauti hiyo ikizidi uwezo wa hewa kuihimili, mkondo mkubwa hupita. Hewa iliyo katika njia yake hufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua. Mwanga unaoonekana ndio umeme. Mlio wa hewa inayopanuka ghafla ndio ngurumo. Nao mkondo ukifika ardhini na kupiga mti, nyumba au mtu, hiyo ndiyo radi.

Mwanaisimu ana la kutafakari hapa. Neno umeme hutaja mwako wa mawinguni na pia nguvu inayowasha taa. Huko Ulaya, ilibidi yafanyike majaribio nchini Ufaransa mwaka 1752, kwa kufuata wazo la Benjamin Franklin, ndipo ikathibitika kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Radi nayo imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngurumo. Kwa kuwa Kiswahili kina ngurumo yake, neno hilo la mkopo limetwikwa maana ya pigo lenyewe.

Utafiti wa karibuni unaonyesha uzito wa suala hili katika eneo letu. Mwaka 2016 Rachel Albrecht na wenzake, wakitumia data ya setilaiti ya miaka 16, walibaini kwamba Kabare, mashariki mwa Kongo, hupata mimweko 205 hivi kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Barani Afrika hakuna panapoizidi. Mwaka huohuo Wim Thiery na wenzake walieleza jinsi dhoruba kali za usiku katika Ziwa Viktoria zitakavyozidi kadiri dunia inavyopata joto. Maafa yenyewe tunayajua: mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda.

Wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa na mtu mbaya, hasa inapoua wengi kwa mpigo. Fizikia ina jibu jingine. Waathiriwa wengi hawapigwi moja kwa moja. Mkondo husambaa ardhini na kupanda kupitia miguu. Ndiyo sababu ng'ombe waliojikinga chini ya mkaratusi mmoja huweza kufa pamoja, ilhali hakuna jirani aliyewaroga.

Kutokana na maelezo haya, mwalimu wa Kiswahili anaweza kufundisha hivi: uonapo umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zisipofika 30, ingia katika jengo imara au gari lenye paa la chuma, wala usitoke kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha mabati na kivuli cha mti si kinga. Darasa hukingwa kwa fito za chuma juu ya paa, zilizounganishwa kwa waya nene hadi ardhini, kazi ambayo mtandao wa ACLENet umekuwa ukiifanya katika shule za Uganda.

Ni rai yetu, basi, kwamba wanachama wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha magharibi mwa Kenya, wasiyafundishe maneno haya matatu kama visawe. Mtoto anayejua kwamba umeme hutangulia ngurumo, na kwamba radi yaweza kufuata, tayari amepewa onyo kwa lugha anayoielewa.