Bendera au Chama?

Mpiga kura wa Bramalea, eneo la mji wa Brampton, aliyetia alama yake tarehe 28 Aprili 2025 alijua kwamba anachagua mtu wa kwenda Ottawa. Brampton, mji uliohesabiwa watu 656,480 katika sensa ya 2021, safari hii ulipeleka wabunge sita: watano wa chama cha Liberal na mmoja wa Conservative. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba safari ya mbunge wa Kanada inaweza kuvuka Ottawa. Bunge lake lina viti katika mabunge ya kimataifa: lile la nchi za NATO, lile la OSCE linaloshughulikia usalama wa Ulaya, lile la nchi zinazozungumza Kifaransa. Na tangu 1997 lina nafasi ya mwangalizi katika Bunge la Baraza la Ulaya mjini Strasbourg.

Nikae kidogo Strasbourg, maana ndiko mchezo wa bendera na chama unakoonekana vizuri. Kwanza tuweke jambo moja sawa, kwa sababu hata waandishi wa habari hulikoroga. Baraza la Ulaya si Umoja wa Ulaya. Baraza lilianzishwa 1949, lina nchi 46 zikiwemo Uturuki, Ukraine na Uingereza, na ndilo lenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Bunge lake halichaguliwi na wananchi moja kwa moja. Kila bunge la taifa huteua wajumbe miongoni mwa wabunge wake, nao jumla ni 306, na wasaidizi wengine 306 wa kushika nafasi zao wanapokosekana. Hukutana mara nne kwa mwaka, wiki moja kila mara.

Ukiingia ukumbini ukitafuta meza ya Ujerumani au meza ya Ufaransa, hutaiona. Wajumbe hukaa kwa alfabeti ya majina yao. Mtu wa Sweden anaweza kujikuta ameketi ubavuni mwa Mturuki na Mreno, wote watatu wa vyama visivyopatana hata kwenye chai. Mpangilio huo ni wa makusudi: waasisi waliotoka vitani hawakutaka ukumbi ugawanyike kwa bendera.

Lakini alfabeti haiwezi kuendesha mjadala. Nani aseme kwanza? Nani aandike taarifa kuhusu hali ya magereza ya nchi fulani? Nani aongoze kamati? Hapo ndipo makundi ya kisiasa yanaposhika usukani. Yako matano: wasoshalisti pamoja na kijani, chama cha watu cha mrengo wa kati-kulia, wahafidhina na wazalendo, muungano wa waliberali na wademokrasia ambao hujulikana kwa kifupi ALDE, na mrengo wa kushoto. Spika wa Bunge na wenyeviti wa makundi hayo matano ndio wanaounda kamati ndogo ya uongozi inayopanga mambo kabla hayajafika ukumbini.

Fuata siku moja ya kikao. Kabla ya mjadala, kila kundi limeshakutana faraghani. Waliberali wameipitia taarifa iliyo mezani, wamebishana, wamemteua msemaji wao. Mjadala unapofunguliwa, mwandishi wa taarifa anaiwasilisha, kisha wasemaji wa makundi wanafuata mmoja baada ya mwingine, dakika tatu tatu. Ndipo zamu inafika kwa mjumbe wa kawaida, kama muda haujaisha. Asiye na kundi anasubiri mwisho wa foleni, na nafasi za uandishi wa taarifa humpita. Kwa hiyo mjumbe wa nchi ndogo kama Luxembourg akiwa ndani ya kundi anaweza kupanda mbali kuliko Mfaransa aliyesimama peke yake. Anne Brasseur alifanya hivyo: aliongoza kundi la waliberali, kisha akawa spika wa Bunge zima kuanzia 2014 hadi 2016. Mliberali mwingine, Rik Daems wa Ubelgiji, alikalia kiti hicho kuanzia 2020.

Msomaji wa Brampton analijua jambo hili kwa sura nyingine. Ottawa, chama kinahitaji wabunge 12 ili kitambuliwe rasmi bungeni, kipate fedha za ofisi, zamu za maswali na viti vya kamati. Uchaguzi wa 2025 ulikiacha chama cha NDP na wabunge saba. Kiongozi wake, Jagmeet Singh, ambaye siasa zake zilianzia hapa hapa alipokuwa mjumbe wa bunge la mkoa kutoka jimbo la Bramalea–Gore–Malton, alipoteza kiti chake cha British Columbia na akajiuzulu uongozi. Wale saba walibaki wabunge halali, kila mmoja na wapiga kura wake, lakini sauti yao ukumbini ilipungua kuliko hesabu ya viti ilivyoonyesha. Wasomaji wa Tanzania wakumbuke Dodoma baada ya 2020: kambi rasmi ya upinzani haikuundwa kwa sababu idadi haikufika.

Tofauti ni kwamba bunge la kimataifa halitazami idadi ya vichwa peke yake. Linadai pia mchanganyiko wa mataifa. Katika Bunge la Umoja wa Ulaya, jirani wa lile la Baraza hapo hapo Strasbourg, kundi linahitaji wabunge 23 kutoka angalau robo ya nchi wanachama, yaani nchi saba. Nchi moja yenye wabunge 80 haiwezi kujifungia chumbani ikajiita kundi. Kwangu hii ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote katika mabunge haya, maana inamlazimisha mwanasiasa atafute rafiki nje ya mpaka kabla hajapata ofisi.

Je, waliberali wa nchi mbalimbali wanakubaliana? Si sana. Mliberali wa Ujerumani kwa kawaida hutetea soko huru na kodi ndogo. Wa Kanada, kama wale watano wa Brampton, chama chake ndicho kilicholeta huduma ya watoto kwa ruzuku ya serikali. Kinachowashikanisha ni uhuru wa mtu, mahakama huru na uchaguzi wa haki. Hapo nyuma kuna undugu wa zamani: Shirika la Kimataifa la Waliberali lilizaliwa Oxford mwaka 1947, na chama cha Liberal cha Kanada ni mwanachama wake. CUF ya Tanzania nayo imewahi kuwamo katika undugu huo, jambo ambalo lingewashangaza wengi waliowahi kuhudhuria mikutano yake kule Pemba.

Na yako mambo ambayo kundi haliyawezi. Juni 2019, Bunge la Baraza la Ulaya lilipoifungulia Urusi njia ya kurudi kwa kura 118 dhidi ya 62, wajumbe wa Ukraine walisimama upande mmoja, wawe wa kundi hili au lile. Vita ikigusa nyumba yako, kundi linakaa kando. Fedha nazo zina nguvu zake: wachunguzi huru walitoa taarifa mwezi Aprili 2018 iliyoonyesha dalili nzito kwamba baadhi ya wajumbe walinunuliwa kwa maslahi ya Azerbaijan, na hakuna kundi lililowazuia mapema.

Wakanada wako wapi katika haya yote? Ni waangalizi: wanaomba nafasi na kusema, hawapigi kura. Wanaweza kuhudhuria vikao vya makundi, kila mtu na ndugu zake wa kisiasa. Wapo wanaoiona safari hiyo kuwa utalii wa gharama ya umma. Mimi nadhani mwangalizi anayeijua kazi yake huvuna zaidi katika kile chumba cha faragha kuliko ukumbini, kwa sababu hoja huchongwa huko, na ikifika ukumbini imeshakauka.

Si kila jumuiya ya wabunge imejengwa hivyo. Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola hakina makundi ya kisiasa. Kinakwenda kwa matawi ya mabunge. Tawi la Kanada liliwahi kuongozwa na Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika aliyekuwa mbunge wa Liberal wa Toronto, na huko alikaa kama Mkanada, si kama mliberali.

Sasa twende Arusha, liliko Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 50, unasema kila bunge la taifa litachagua wajumbe tisa wa Bunge la Afrika Mashariki ambao si wabunge wake, wakiakisi kadiri inavyowezekana vyama vilivyomo bungeni, mitazamo tofauti, jinsia na makundi mengine. Maneno hayo hayakuwa pambo. Mwaka 2006 mwanasiasa wa Kenya Peter Anyang' Nyong'o na wenzake waliishtaki serikali ya Kenya kwamba orodha ya wajumbe ilipangwa na viongozi wa vyama badala ya bunge kupiga kura. Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia wajumbe wa Kenya wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi uliotakiwa haukufanyika.

Kwa hiyo vyama huingia Arusha kupitia mlango wa mbele. Wakishaingia, kila mtu hurudi chini ya bendera yake. Ibara ya 57 inataka akidi ya nusu ya wajumbe, na ndani yake theluthi ya wajumbe wa kila nchi. Ina maana wajumbe saba wa nchi moja wakitoka nje, ukumbi mzima unasimama. Desemba 2017 wajumbe wa Tanzania na Burundi walisusia uchaguzi wa spika, Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa bila wao, na ubishi ukahamia kwenye tafsiri ya akidi. Uliotawala siku ile ulikuwa ubishi wa zamu ya nchi, na hakuna aliyeuliza Ngoga anaamini nini kuhusu biashara au haki za raia.

Ningependa kuona Arusha ikijaribu kanuni ya Strasbourg: wajumbe kadhaa kutoka angalau nchi nne waruhusiwe kuunda kundi, wapewe karani na zamu ya kwanza ya kusema. Kinachonizuia nisiwe na matumaini makubwa ni hesabu rahisi. Siku makundi yakiruhusiwa, CCM ya Tanzania, NRM ya Uganda, RPF ya Rwanda na CNDD-FDD ya Burundi watajikuta chumba kimoja, si kwa itikadi bali kwa sababu wote wanatawala. Na wapinzani wa Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura watajikuta chumba cha pili, wakilinganisha kesi zao. Serikali zinazopaswa kuipitisha kanuni hiyo zimeshaipiga hesabu kama mimi.