Mtambo Ukisimama, Nani Analipa?

Ukinunua umeme wa LUKU, risiti inakuja na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na hapohapo unapewa hesabu ya fedha yako ilikokwenda: VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3, tozo ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1, na kodi ya jengo kama inakuhusu. Kinachobaki ndiyo gharama ya umeme. Ndani ya hicho kinachobaki kuna fungu ambalo risiti hailionyeshi, nalo limezielemea sekta za umeme za Afrika Mashariki kwa karibu miaka 30. Ni fedha inayolipwa kwa mtambo kuwepo tu, uwe unazunguka au umezimwa.

Nataka kulieleza fungu hilo kwa kirefu, kwa sababu mjadala wetu wa mageuzi ya umeme hukwama kila mara kwenye swali la umiliki: shirika libaki la umma au wapewe watu binafsi? Wanaotaka kubinafsisha hutaja hasara na mgao. Wanaolinda mali ya umma hukumbusha kashfa. Mimi naona swali zito zaidi linaachwa nyuma: mvua ikinyesha na mtambo wa mafuta ukawa hauhitajiki, au njia ya kusafirisha umeme ikachelewa, au dola ikapanda, hasara inamwangukia nani? Jibu lake limeandikwa kwenye mkataba wa kuuziana umeme, na mwananchi hajawahi kuuona.

Mkataba wa namna hiyo huwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya umeme wenyewe, yaani uniti zilizochukuliwa na mafuta au gesi iliyochomwa kuzizalisha. Ya pili ni ya mtambo: kurudisha mkopo wa ujenzi, kulipa faida ya wenye hisa, mishahara na matengenezo. Ni kama kukodi Costa ya harusi. Mwenye gari anataka hela yake ya siku, mafuta juu yako, na hata likishinda limeegeshwa nje ya ukumbi, hela ya siku iko palepale. Hapo hujaibiwa. Mwekezaji aliyejenga mtambo hawezi kuung'oa na kuupeleka kwa mteja mwingine, na mteja aliyenaye ni mmoja, shirika la umeme, ambalo mara nyingi lina madeni mpaka shingoni. Bila uhakika wa malipo ya kila mwezi hakuna benki itakayomkopesha. Kwa hiyo malipo ya mtambo yana sababu yake. Yanaharibika kwenye kiasi, muda, sarafu, na hali aliyokuwa nayo mnunuzi siku ya kutia saini.

Kwa Tanzania hali hiyo ilikuwa giza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gridi ya Taifa ilitegemea maji kupita kiasi. Mtera, yenye megawati 80, ndilo ghala la maji ya Kidatu yenye megawati 204, na kina chake kikishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo ya Mtera huzimwa. Ukame wa miaka ile ulileta mgao mkali. Sera ya nishati ya 1992 ilikuwa imeshafungua mlango kwa wazalishaji binafsi, na tarehe 26 Mei 1995 shirika letu la umeme, TANESCO, likasaini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, iliyokuwa na wabia wa Malaysia na Tanzania, kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta, Dar es Salaam.

Mtambo ulikamilika 1998, lakini haukuwashwa kuuza umeme. TANESCO ilidai kwamba zimefungwa injini za aina nyingine, za bei nafuu kuliko zilizokubaliwa, na bei ya mkataba imeachwa ilivyo. Kesi ikaenda ICSID, chombo cha usuluhishi kilicho chini ya Kundi la Benki ya Dunia, ambacho mwaka 2001 kiliamua gharama ya mradi ihesabiwe kuwa karibu dola milioni 127, chini ya kiasi ilichodai kampuni. Januari 2002 Tegeta ikaanza kazi.

Kufikia wakati huo ukame ulioileta ulikuwa umeshapita. Kihansi, megawati 180 za maji, ilikuwa imewashwa mwaka 2000, na gesi ya Songo Songo ilikuwa njiani kuja Ubungo. Umeme wa mafuta mazito ulikuwa ghali kiasi kwamba busara ilikuwa kuuacha mtambo umezimwa kila ilipowezekana. Lakini malipo ya mtambo, zaidi ya dola milioni 2 kwa mwezi, hayakujua habari ya mvua. TANESCO ikawa na mambo mawili mabaya ya kuchagua: iwashe mtambo na kununua mafuta ya bei mbaya, au iuzime na kulipia injini zilizopoa.

Kulikuwa na jeraha jingine ambalo watu hulisahau. Malipo hayo yalihesabiwa kwa dola, wakati mama lishe wa Manzese analipia umeme kwa shilingi. Mwaka 1995 dola moja ilipatikana kwa chini ya shilingi 600. Miaka 20 ya mkataba ilipotimia ilikuwa imepita shilingi 2,000. Hata kama kiasi cha dola hakikuongezeka hata senti moja, mzigo kwa shilingi ulikuwa umezidi mara tatu, na aliyeubeba hakuwa na uwezo wowote juu ya thamani ya fedha yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Ubishi juu ya kiasi halali cha malipo ulizaa akaunti maalumu Benki Kuu, Tegeta Escrow. Fedha zilichotwa mwishoni mwa 2013, Bunge likawaka moto Novemba 2014, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mawaziri wakaondoka. Mwaka 2016 ICSID ikaamuru TANESCO iilipe benki iliyonunua deni la mradi zaidi ya dola milioni 148. Tulipokuwa tunamtafuta mwizi, na kumtafuta kulikuwa haki yetu, hatukuuliza vya kutosha kwa nini mkataba wenyewe uliweza kutugharimu kiasi hicho hata pasipo mwizi.

Ukame ukarudi 2006, na haraka ikarudi nayo. Kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa dharura wa megawati 100, haikuweza kuutekeleza kwa wakati, ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Miaka miwili baadaye wasuluhishi wa kimataifa waliiamuru TANESCO iilipe Dowans zaidi ya shilingi bilioni 90 kwa kuvunja mkataba. Mara zote mbili bei ilipangwa na mtu aliyekuwa na dhiki, na aliyeuza aliijua dhiki hiyo.

Je, kuligawa shirika na kukaribisha watu binafsi kungetuokoa? Uganda walijaribu kwa ukamilifu kuliko nchi nyingine yoyote ya ukanda huu. Sheria ya umeme ya 1999 ilileta mdhibiti, na mwaka 2001 bodi ya umeme ikavunjwa kuwa kampuni tatu: uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Mabwawa ya Jinja yakakabidhiwa Eskom ya Afrika Kusini, na mwaka 2005 usambazaji ukakodishwa kwa kampuni iitwayo Umeme kwa miaka 20. Kazi ilifanyika, na haki yao wapewe. Umeme uliokuwa ukipotea kwenye nyaya na kuibwa ulikuwa zaidi ya theluthi moja ya umeme wote. Kufikia mwisho wa mkataba ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia 20. Ndivyo inavyokuwa mtu anapopewa lengo linaloandikwa, linalopimwa na linalomlipa.

Upande wa uzalishaji hadithi ni nyingine. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilianza kazi 2012 likiwa limejengwa kwa mikopo, na bei yake ikawa kero ya kitaifa mpaka mikopo hiyo ikapangwa upya mwaka 2018 ili kuishusha. Kugawa shirika hakukuyapunguza malipo ya mtambo. Tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha na usambazaji ukarudi kwa kampuni ya serikali, huku pande mbili zikibishana juu ya fidia ya uwekezaji ambao haujarudishwa. Mkataba ulioanza vizuri uliishia kwenye hesabu ileile: nani amelipia nini, na nani bado anadai.

Kenya nao wanatupa somo ambalo mimi hulirudia kila nikizungumza na wahandisi vijana. Walitenga uzalishaji mwaka 1997, kisha mwaka 2008 wakaunda KETRACO kwa ajili ya njia za kusafirisha umeme. Kando ya Ziwa Turkana, kampuni binafsi ikasimamisha mitambo 365 ya upepo, jumla ya megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa kazi ya upande wa serikali, nayo haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kwa muda wote huo upepo ulivuma, pangaboi zilisimama, na Kenya ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. Mtambo na nyaya vikiwa na wenye tofauti, lazima mkataba useme nani anamsubiri nani, na kwa gharama ya nani.

Tanzania ilisitasita. Kampuni ya Afrika Kusini ilipewa uongozi wa TANESCO kati ya 2002 na 2006, ikakusanya madeni kwa nguvu hata kwa taasisi za serikali, ikaondoka. Mpango wa mageuzi wa 2014 ulitaka shirika ligawanywe hatua kwa hatua hadi 2025, ukaachwa. Badala yake likajengwa Bwawa la Julius Nyerere kwa fedha za serikali: mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikawa tayari. Ninafurahi kuona mgao umepungua. Ila tusidhani kwamba bwawa la umma halina malipo ya mtambo. Shilingi trilioni 6.5 zilizotangazwa kuwa gharama yake zimetoka mahali, na zikikosekana kwenye bei ya LUKU basi zimekaa kwenye bajeti, pembeni ya dawa na madawati. Na umeme wa bwawa hilo la Rufiji bado unapaswa kufika Arusha. Machi 2025 Rais Samia alipoeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walikasirika, lakini umbali wa nyaya na umeme unaopotea njiani ni hesabu ya kweli.

Mdhibiti naye anahitaji kuachwa afanye kazi. Mwisho wa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha bei ipande kwa asilimia 8.5. Serikali ikaizuia, na mkurugenzi mkuu wa TANESCO akaondolewa. Najua anayenunua umeme wa shilingi 2,000 alipumua, na ninaunga mkono uniti 75 za mwezi kwa bei ya chini kwa wateja wadogo. Lakini gharama iliyokataliwa kwenye bei inahamia kwenye transfoma isiyobadilishwa na mzalishaji anayelipwa kwa kuchelewa, naye huiongeza hatari hiyo kwenye bei ya mkataba ujao.

Mkataba wa Songas, uliotupatia umeme wa gesi tangu 2004, ulifika ukingoni 2024. Serikali ilikaa mezani ikiwa na nguvu ambayo haikuwa nayo 1995, kwa sababu bwawa lilikuwa limeanza kuzalisha. Miaka ya ziada ya umeme kama hii ndiyo ya kushindanisha wazalishaji kwa zabuni ya wazi, kama walivyofanya Afrika Kusini tangu 2011, ambako bei ya umeme wa jua ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache ya zabuni. Ndiyo pia ya kudai sehemu ya malipo iwe kwa shilingi, na ya kuhakikisha njia inajengwa kabla ya mtambo. Sheria ya Umeme ya 2008 tayari inaipa EWURA nafasi ya kuipitia mikataba hii kabla haijasainiwa. Inachotakiwa kuongeza ni kuchapisha kurasa zake za bei, ili mbunge wa Kigoma au mwenye mashine ya kusaga Makambako ajue analipia kiasi gani kwa mwezi mtambo unapokuwa umezimwa.